Munganga anatumika usiku, na bado analipa

Sisi wa sendika ya migodi tunajua hesabu ya shimo. PDG anatia makuta, wachimbaji wanakula ndani ya ile makuta, na siku zahabu inatoka kila mtu anajua fungu lake. Lakini hesabu ya munganga kijana wa Butembo ao Beni anayetaka kuwa spesialiste, ile inatushinda. Tuifanye pamoja, ndugu wasomaji, juu mwisho wake ni sisi wagonjwa tunalipa.

Kusoma uganga hapa kwetu kunawezekana. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kiko Butembo tangu 1989. Wazazi wanauza kahawa, wanauza ng'ombe, mtoto anapata diplomi. Kisha wengi wanaingia hospitali bila matrikile: mshahara wa Leta hauwafikie, wanaishi na prime kidogo inayotoka ndani ya makuta ya wagonjwa.

Sasa mumoja anataka kusomea upasuaji, ao mifupa, ao magonjwa ya watoto. Anaanza dosie: kopi zenye muhuri, atestasio, barua za wakubwa, makuta ya kuandikisha, safari ya konkuru. Akianguka, hakuna wa kumurudishia hata franga moja.

Na safari yenyewe? Kinshasa ni ndege. Kisangani ni barabara ya Komanda na Mambasa, ambako ADF wameua watu wengi. Goma iko karibu kilometa 300 kutoka Butembo, lakini tangu mwezi wa kwanza 2025 iko mikononi mwa M23. Kampala unapitia Kasindi, ila kule masomo ni kwa Kiingereza, na huyu alisoma kwa Kifaransa.

Tuseme amepokelewa. Kila mwaka ni minerval, kodi ya nyumba, chakula, na bibi na watoto waliobaki Beni. Hii inaendelea miaka mine ao mitano. Na wakati huo anashika zamu za usiku. Wanasema ni mwanafunzi. Mwanafunzi gani anayepasua tumbo saa nane ya usiku?

Kwingine je? Marekani pia maombi yanalipishwa, na kadiri unavyoomba nafasi nyingi ndivyo unavyolipa zaidi. Lakini ukipokelewa, hospitali inakupa mshahara. Ufaransa vilevile, munganga anayejifunza analipwa. Kwetu anatumika na analipa.

Matokeo tunayaona. Aliyejilipia yote kwa deni atatafuta pahali pa kurudisha deni, na pahali pale si Oicha wala Manguredjipa. Mchimbaji akiangukiwa na udongo, mguu ukivunjika vibaya, anabebwa kwa pikipiki mpaka mujini, na kama spesialiste hayuko, anapelekwa mbali zaidi. Jamaa inauza shamba.

Tunajua mtu akisaidiwa kusoma anaweza kurudi. Denis Mukwege alitoka Lemera, akasomea magonjwa ya wanawake kule Angers, Ufaransa, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Faida yake dunia yote inaijua.

Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inatambua mkataba wa mtu anayejifunza kazi. Basi tunaomba mambo matatu. Moja, konkuru ifanyike na Butembo na Beni, wasimamizi wasafiri kuliko watahiniwa. Mbili, munganga anayejifunza awe na mkataba wa maandishi na mshahara. Tatu, anayesomeshwa na makuta ya watu asaini kurudi kutumika kwao kwa miaka inayojulikana.

La tatu halingoje Kinshasa. Koperative zetu zinachanga mafuta ya pompi ya kutoa maji shimoni. Zinaweza kuchanga dosie na ndege ya munganga mumoja kwa mwaka. Kwa mukutano unaokuja, wajumbe waliandike kwenye ajenda, mbele ya maneno mengine.