Wenye Miguu Sita Wasio Wadudu

Tulipofukua bustani ya sukuma wiki kule Kangemi, tuliona vidudu vyeupe vidogo kama punje za wimbi. Tukakimbilia dawa. Tulikosea. Hao ni kolembola, na wengi wao hula ukungu na majani yaliyooza.

Wana miguu sita, lakini siku hizi wataalamu wengi hawawahesabu kuwa wadudu, kwa maana vinywa vyao vimefichwa ndani ya kichwa. Walio wengi huruka kwa mkia uliokunjwa chini ya tumbo. Ukoo wa Onikiuridi, wakaao udongoni, hawana macho, na kwa kawaida hata mkia huo hawana. Wakisumbuliwa hutoa majimaji kupitia vitundu vya ngozi. Idadi na mpangilio wa vitundu hivyo ndivyo husaidia kutenganisha aina na aina. Kuvihesabu kwataka darubini, nasi siku ile tulishika bomba la dawa.