Mtoto wa Kambo Akiwa Msumbufu

Akina mama vikundini hutuuliza: mtoto wa kambo anaiba, anapiga wenzake, usiku anakojoa kitandani, tufanyeje? Mara nyingi huo si ukaidi. Ni huzuni ya kumkosa mama yake. Kiboko kitamzidishia hofu tu.

Kwanza, baba mzazi ndiye amrudi. Mama wa kambo ajenge urafiki polepole. Pili, tusimkataze kumtaja mamake. Tatu, sheria za nyumbani ziwe chache, na sawa kwa watoto wote. Akifanya vizuri, asifiwe papo hapo.

Lakini akijiumiza au akisema anataka kufa, tusingoje. Tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kwa ushauri, simu ya watoto ni 116, bila malipo.