Bumu la wanafunzi: linavyoingia sokoni na linavyorudi

Mwenye mgahawa, duka la steshenari au vyumba vya kupangisha karibu na chuo kikuu huifuatilia kalenda ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa makini kuliko ile ya kodi. Bumu likitoka, madeni ya daftarini hulipwa kwa siku mbili tatu. Likichelewa, mwenye duka ndiye anayegeuka bodi ya mikopo.

Katika mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku 60, mwanafunzi mwenye posho kamili anapata 600,000 badala ya 510,000. Ada haipiti mkononi mwake, kwani Bodi huilipa chuoni moja kwa moja. Kinachofika Sinza, Mwenge, Changanyikoni au mitaa inayozunguka Chuo Kikuu cha Dodoma ni posho, nayo huja kwa mafungu. Likizo ndefu haina bumu. Anayejaza duka vyuo vikiwa vimefungwa anaulaza mtaji wake. Tangu 2023/24 mikopo imefika pia kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wakiwemo wa afya na ualimu. Hao ni wateja wapya kwa miji isiyo na chuo kikuu.

Upande wa pili ni marejesho, na hapa ndipo mabadiliko makubwa yalipo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Wakati huo deni lilikuwa likiongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Wapo waliolipa kwa miaka na kukuta salio limesogea kidogo tu. Mwaka 2021 Serikali iliifuta tozo hiyo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa.

Tuchukue mfano wa mdaiwa wa shilingi 9,000,000 mwenye mshahara wa 800,000. Anakatwa 120,000 kwa mwezi na kumaliza baada ya miezi 75. Kwa utaratibu wa zamani, tozo ya mwaka wa kwanza ingekaribia 540,000, zaidi ya theluthi ya makato yake ya mwaka mzima.

Kwa ushirika wa akiba na mikopo unaokopesha walimu vijana, hesabu hii ni ya kufanywa kabla ya kusaini fomu. Katika utumishi wa umma makato yote hayatakiwi kuvuka theluthi mbili za mshahara, na asilimia 15 ya Bodi imeshakaa humo. Deni hilo likiisha, nafasi ya kukopa inafunguka.

Mfanyabiashara aliyeajiri mhitimu mwenye deni naye anahusika. Sheria inamtaka akate kila mwezi na kuwasilisha kwa Bodi. Akizikalia fedha hizo, anayefuatwa ni yeye.