Jiko Lifikiriwe Kabla ya Tofali la Kwanza

Hapana mtu katika Visiwa hivi asiyejua taabu ya kumaliza nyumba. Mwananchi hununua matofali mwezi huu, mwezi ujao mifuko miwili ya saruji, kisha nyumba husimama kwenye linta miaka mitatu ikiota nyasi, watoto wa jirani wakichezea ndani yake. Ikifika siku ya kuezeka, fedha zimekwisha na subira nayo imekwisha. Hapo ndipo mwenye nyumba hukumbuka kwamba ndani ya kuta hizo watu watapika na watakula. Akaenda Darajani au Mlandege na fedha zilizobaki, akanunua kile kilichompendeza macho.

Siku chache kabla ya Ramadhani moja ya miaka ya karibuni tulialikwa kuiona nyumba ya aina hiyo, upande wa Tunguu. Wenyewe ni watumishi wa umma, mume mwalimu wa skuli na mkewe muuguzi, na walikuwa wameijenga kwa miaka saba. Tulionyeshwa vyumba, sebule, kisha tukapelekwa jikoni kwa fahari isiyofichika. Palikuwa na jiko jipya la mafiga manne lenye oveni chini yake, mafiga mawili ya gesi na mawili ya umeme. Palikuwa na friji ya milango miwili iliyofika hadi karibu na dari, birika la umeme, blenda, na maikrowevu iliyokuwa bado imefungwa nailoni yake. Vyote hivyo vilipata umeme kutoka soketi moja ya matundu mawili, kwa waya wa nyongeza ulioviringishwa nyuma ya friji. Tuliushika waya ule. Ulikuwa wa moto.

Mama mzazi wa yule mwalimu, aliyetoka Makunduchi kuja kukaa na wanawe, alikuwa amesimama mlangoni akilitazama jiko. Baada ya kusifu alivyosifu, akauliza kwa upole: “Mwanangu, jiko zuri, Mungu akubarikieni. Lakini wali nikitaka kuupalia, moto wa juu nitautia wapi?”

Watu walicheka. Sisi tunaona kwamba katika siku ile nzima hapakuulizwa swali lenye maana kuliko hilo.

Kwa wasiojua, na siku hizi wapo, wali wetu wa nazi hauivi kwa moto wa chini peke yake. Tui likishakauka, makaa hupunguzwa chini na mengine huwekwa juu ya kifuniko, na punje hujitenga moja moja bila ya kuungua. Biriani ni hivyo hivyo, na mkate wa kumimina ni hivyo hivyo. Jiko la gesi hutoa moto kutoka chini tu. Mpishi aliyezoea seredani akipewa jiko hilo bila ya kuelezwa, siku ya kwanza wali wake utashika ukoko chini na juu utabaki na maji. Siku ya pili atarudi kwenye makaa, na jiko lililogharimu mishahara ya miezi kadhaa litageuka meza ya kuwekea sahani.

Dawa ya jambo hili ipo na haina shida. Oveni nyingi zinazouzwa huwa na moto wa juu, ambao wauzaji huuita grili. Sufuria nzito isiyo na mshikio wa plastiki, ikifunikwa vizuri na kuingizwa katika oveni yenye moto mdogo baada ya tui kukauka, hutoa wali uliopaliwa barabara. Asiyekuwa na oveni aweke chuma cha kuchomea chapati baina ya sufuria na moto wa gesi, moto uwe mdogo kabisa. Lakini ni lazima mnunuzi aulize dukani, oveni hii ina moto wa juu au haina? Na ni lazima anayepika ndani ya nyumba awepo wakati wa kununua. Katika safari ile ya dukani tuliyohadithiwa, walikwenda mume na rafiki zake wawili. Mkewe alikuwa zamu hospitali, na mama hakuulizwa.

Kosa la kujenga kwanza na kufikiri jiko baadaye si la watu binafsi tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilianza kuwajengea wananchi nyumba za kisasa, Kikwajuni na Kilimani, kisha majumba marefu ya Michenzani, kwa ramani na utaalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Yalijengwa majumba kama hayo mashamba na Pemba pia. Ilikuwa kazi kubwa, na wapo wazee waliopata mwangaza wa umeme na maji ya mfereji ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Hata hivyo jiko la mtu wetu tangu zamani lilikuwa uani, nyuma ya nyumba, mahali ambapo moshi hupaa na mbuzi ya nazi ina nafasi yake. Ramani za ghorofa hazikuwa na ua, na seredani ikapanda ngazi pamoja na wenyewe, ikakaa barazani na hata ndani. Tunayataja haya kwa sababu majumba mapya yanajengwa tena leo, Mjini na Fumba, na tungependa wachoraji wake waulize wakaazi wanapika nini.

Tena hatari imeongezeka. Nyumba ya zamani ya udongo na makuti ilipumua yenyewe. Nyumba ya leo ina madirisha ya vioo na alumini yanayofungwa pande zote kuzuia vumbi na mbu. Makaa yakiwashwa ndani ya nyumba hiyo hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala nayo asiamke. Anayetaka kuendelea na seredani, na hatumlaumu, aiweke nje kabisa.

Tuje kwenye umeme. Unguja hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi 1980, uwezo wake megawati 45. Mei 2008 njia hiyo ilipata hitilafu, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ikatokea tena, mara hii hadi Machi 2010. Tunazikumbuka siku zile. Samaki waliogandishwa waligaiwa mtaa mzima kabla hawajaoza, na mtu mwenye mtungi wa gesi alionekana tajiri. Pemba, iliyokuwa ikitegemea mashine za dizeli za Wesha, iliungwa na Tanga kwa waya wake 2010, na waya wa pili wa Unguja, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa 2013.

Megawati 100 ni nyingi, lakini zinahesabika. Birika moja la umeme hula wati 2,000 hivi. Nyumba 50,000 zikiwasha mabirika yao kwa dakika moja ile ile, tuseme adhana ya Magharibi inapokaribia katika Ramadhani, zitataka megawati 100, na hapo hatujawasha taa hata moja. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 katika Visiwa vyote. Wanaopanga mambo ya nishati bila shaka wanaijua hesabu hii. Wanaouza na kununua vyombo hatudhani kama wanaijua, na ndiyo sababu twaona si busara kwa nyumba mpya kutegemea umeme peke yake kwa kupikia. Iwe na gesi pia, ili kimoja kikikatika kingine kibaki.

Hesabu ya pili ni ya ndani ya nyumba. Umeme wetu ni volti 230, na plagi zetu za miguu mitatu zimetengenezwa kwa ampea 13. Zidisha, utapata wati 2,990. Hicho ndicho kikomo cha soketi moja. Birika na maikrowevu vikiwashwa pamoja kwenye waya mmoja wa nyongeza vimekwisha kupita kiasi, na waya ukiviringishwa joto lake halina pa kutokea. Oveni ya umeme pamoja na mafiga yake hutaka waya wake peke yake, mnene, kutoka kwenye bodi ya swichi, na waya huo hupitishwa ukutani kabla ya plasta. Ndiyo maana tukasema tangu mwanzo kwamba jiko huchaguliwa kabla ya tofali. Mwenye kujenga akae na fundi umeme aliyesomea kazi yake, amwambie friji itakaa hapa, oveni pale, birika kule, na kila kimoja kipate soketi yake yenye waya wa ardhini. Gharama yake wakati wa kujenga ni ndogo. Baada ya rangi na vigae ni kuvunja upya.

Gesi nayo ina adabu zake. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Kwa hiyo jiko lijengwe na tundu la hewa karibu na sakafu, na mtungi ukae wima nje ya ukuta, penye kivuli, mpira wake ukipita katika tundu. Mpira na regulata vikaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kibiriti. Harufu ikisikika usiku mtu asiguse swichi ya taa, wala ya kuwasha wala ya kuzima. Afungue milango kwanza, kisha afunge mtungi.

Friji tutaisema kwa ufupi, ingawa ndiyo inayopendwa zaidi. Kwa familia inayonunua samaki wengi siku ya bamvua, friza ya kufunguliwa kwa juu ni bora kuliko friji ya milango miwili, maana baridi ni nzito na kifuniko kikifunguliwa haimwagiki nje. Ikijaa na isipofunguliwa, hushika baridi hadi siku mbili umeme ukikatika, ambapo friji ya kawaida hushika saa nne hivi. Iachiwe nafasi nyuma ya kupumua, na umeme ukirudi isubiriwe dakika chache kabla ya kuwashwa, kwani umeme unaorudi mara nyingi huja kwa kishindo.

Kuna pia vyombo vinavyotoka kwa ndugu zetu walio nje. Vya Oman na Dubai havina matatizo makubwa, kwani umeme wao na plagi zao ni kama zetu. Lakini ndugu aliye Canada au Marekani, kwa mapenzi yake yote, anatumia umeme wa volti 120. Blenda yake ikichomekwa hapa hulia mara moja tu. Bora atume fedha.

Na ambaye chai yake imeanza kuonekana na vipande vyeupe asiogope. Maji yetu hutoka katika mawe ya chokaa, na chokaa hiyo hujijenga ndani ya birika hadi lichelewe kuchemsha na kula umeme zaidi. Siki au ndimu, maji kidogo, lichemshwe na kumwagwa.

Kwa viongozi tuna ombi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umekusudia kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Ni lengo zuri, na misitu yetu ya uwanda pamoja na mikoko ya Chwaka inalihitaji. Lakini halitafikiwa kwa kugawa mitungi na kupigwa picha. Ramani ya nyumba inapopelekwa kupitishwa ioneshe jiko kwa ukamilifu wake, yaani soketi ngapi, waya wa oveni, mahali pa mtungi na tundu la hewa, na afisa anayepitisha aisome sehemu hiyo kama anavyosoma mipaka ya kiwanja. Nyumba zinazojengwa kwa fedha za umma ziwe za mwanzo kufuata. Na katika kamati zinazopitisha ramani hizo wawemo wanawake wanaopika, wasiitwe siku ya kukata utepe tu.

Tulirudi Tunguu baada ya Idi. Ukuta wa jikoni ulikuwa umechimbwa mtaro kutoka bodi ya swichi, na vigae vitatu vipya vimevunjwa. Maikrowevu imeuzwa ili kulipa waya. Uani pamesimama kibanda cha mabati, wazi pande mbili, na chini yake mama alikuwa akipalia wali. Alituambia oveni ameahidiwa kufundishwa fundi akishamaliza kazi yake, ila fundi mwenyewe yuko Pemba kwenye harusi.