Kilometa 97 kwa Miguu kwa Ajili ya Mama Mdogo

Kwetu Kivu, ukimwambia mama atokaye sokoni na mzigo wa unga mgongoni, kamba ikimkaza paji la uso, kwamba kuna nchi ambamo watu wazima hutembea siku tatu mfululizo bila mzigo na bila biashara, tena baada ya kutoa fedha, atakutazama usoni ajue kama u mzima. Nasi tulicheka vivyo hivyo tuliposikia habari hiyo mara ya kwanza. Lakini mwezi wa Novemba 2018 sisi wenyewe tulikuwa katika safari hiyo, mabinti wawili na kijana mmoja wa ukoo mmoja, wenyeji wa Bukavu tunaokaa Marekani. Tulitembea katika mji wa San Diego, jimbo la California, kando ya bahari ya Pasifiki. Jamaa wengi wametuomba tuwaeleze mambo tuliyoyaona. Haya basi, wasomaji wapenzi.

Tuanze na sababu iliyotupeleka. Mwaka 2014 mama mdogo wetu, alipokuwa akioga, aligusa uvimbe katika titi la kushoto, mdogo kama punje ya haragwe. Haukumwuma. Na kwa kuwa haukumwuma, alinyamaza. Baadaye ngozi ilianza kuvutika na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, naye akanyamaza tena, safari hii kwa hofu. Aliogopa jamaa za mumewe wasije wakasema kwamba amerogwa, au kwamba ameleta laana nyumbani. Alipaka dawa za miti alizopewa na jirani. Titi likatoboka likawa kidonda, naye akajifunga kitenge juu ya kitenge ili watoto wasisikie harufu. Alipofikishwa hospitali ulikuwa umepita karibu mwaka mmoja na nusu. Mganga alisema kwamba ugonjwa umekwisha kuingia katika mifupa. Alikufa mwaka 2016, na watoto wake walijua jina la ugonjwa wake siku ya maziko.

Watu walikuja matanga kutoka Uvira na Goma. Kila mmoja alichanga, maana ndivyo desturi yetu ilivyo, na ni desturi njema. Lakini usiku ule tulipohesabu fedha zilizochangwa tulitazamana kimya. Zingalitosha kumpeleka kwa mganga mara nyingi.

Mtu asidhani kwamba kuficha kansa ya matiti ni ujinga wa Waafrika peke yao. Katika Marekani ya miaka 50 au 60 iliyopita maneno hayo hayakutamkwa ovyo mbele ya watu. Mwezi wa Septemba 1974 Betty Ford, mke wa Rais wa nchi, alikatwa titi kwa sababu ya kansa, wiki chache tu baada ya mumewe kushika cheo hicho. Hakuficha. Alikubali habari itangazwe katika magazeti na picha yake ya hospitali ionekane. Wanawake wengi mno walikwenda kupimwa kwa sababu yake, na miongoni mwao alikuwa Happy Rockefeller, mke wa yule aliyekuwa ameteuliwa kuwa Makamu wa Rais. Naye akaonekana ana kansa, akapasuliwa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Aliishi miaka 40 zaidi, hata mwaka 2015.

Susan Komen, mzaliwa wa Peoria katika jimbo la Illinois, hakupata bahati hiyo. Alikufa mwaka 1980, naye alikuwa na umri wa miaka 36 tu. Ndugu yake mdogo, Nancy Brinker, alikuwa amemwahidi kwamba atafanya yote awezayo ili wengine wasife vivyo. Mwaka 1982 alianzisha katika mji wa Dallas chama chenye jina la marehemu, na mwaka 1983 akafanya mbio za kwanza za kukusanya fedha. Walikuja watu kama 800. Mwaka uliofuata akaonekana yeye mwenyewe ana ugonjwa ule ule, akatibiwa akapona. Safari ndefu ya siku tatu kwa miguu ilianzishwa na watu wengine katika California mwaka 1998, kisha chama cha Komen kikaichukua. Mwendo wake ni maili 60, yaani karibu kilometa 97. Hesabu yake ni kilometa 32 kila siku, kama kutoka Bukavu hata kiwanja cha ndege cha Kavumu, siku tatu mfululizo.

Sharti lake lilikuwa hili: kila atakayetembea akusanye kwanza dola 2,300. Asiyetimiza hesabu hiyo hatembei. Sisi tulikuwa watatu, basi dola 6,900! Wamarekani tunaofanya nao kazi walitoa upesi, tena wengi walipotoa walitaja mama au dada. Kwa Wakongo wenzetu ilikuwa vigumu. Mzee mmoja, ambaye tunamheshimu hata leo, alituuliza, «Wanangu, nani amekufa?» Tukamjibu kwamba hakuna aliyekufa sasa. «Basi fedha ni za nini?» Hakutania, alitaka kujua. Mwingine alisema, «Wamarekani wana hospitali zao. Mbona tuwachangie wao, na dada zetu wa Kongo wanakufa?» Neno hilo lilituchoma, maana si uongo, nasi tutalirudia. Mwishowe tuliuza sambusa na mandazi mlangoni mwa kanisa kila Jumapili kwa miezi miwili, hata hesabu ikatimia. Yule mzee alinunua kila mara, wala hakuuliza tena.

Safari ilianza Ijumaa kabla ya jua kuchomoza, huko Del Mar, upande wa kaskazini wa mji. Watu walikuwa wengi mno, wote wamevaa rangi ya waridi. Tuliona wanaume wenye ndevu, wazee kabisa, wamevaa visketi vya rangi hiyo bila haya yoyote. Kijana wetu aliapa kwamba yeye hatavaa hata kofia. Kila mtu huandika mgongoni jina la yule anayetembea kwa ajili yake. Sisi tuliandika kwa Kiswahili: MAMA MDOGO. Njia nzima watu wa nyuma yetu waliuliza maana yake. Tulipowatafsiria neno kwa neno, mama mmoja aliuliza kwa upole kama alikuwa mfupi. Tukacheka sana, kisha tukaeleza: kwa Kiingereza ndugu wa mama ni shangazi tu, bali kwetu yeye ni mama, na sisi tu watoto wake kama wale aliowazaa.

Asubuhi ile yapo mapando makali ya Torrey Pines, bahari ikiwa upande wa kuume, na chini yake mji wa La Jolla. Kila baada ya kilometa chache pana kituo chenye maji, matunda, vyakula vya chumvi na waganga wa miguu. Katika njia panda walinzi wenye pikipiki husimamisha magari na kupiga muziki. Watu wa mji hukaa mbele ya nyumba zao wakipiga makofi, na watoto wao hugawa peremende. Tuliona haya kidogo kupigiwa makofi. Mama zetu wanaobeba mihogo kwenda Bukavu wanapanda milima mikali kuliko ile, na hatujaona mtu akiwangojea njiani na peremende.

Sasa habari ya kijana wetu. Sisi mabinti tulikuwa tumefanya mazoezi miezi minne, kila Jumamosi, tukiongeza mwendo kidogo kidogo. Yeye alisema, «Miguu ya Kivu haihitaji mazoezi.» Akanunua viatu vipya wiki moja kabla ya safari. Kufika kilometa ya 15 tulimwona anakanyaga kwa upande. Tukamwuliza, akajibu kwamba hana neno. Tukapita kituo kimoja, kisha cha pili, waganga wapo, plasta zipo, naye anasema hana neno. Binti mmoja wa kwetu alipata lengelenge siku ile ile. Alikaa chini kituoni, akafungwa, akaendelea hata jioni. Kijana alipovua soksi kambini, ngozi ya visigino ilitoka pamoja nazo. Jumamosi alisafiri katika gari dogo linalookota waliochoka. Hakuna aliyemcheka, katika safari ile kupanda gari si aibu. Lakini alikaa humo ameinama, na jioni alituambia neno moja tu: «Nimefanya kama mama mdogo.»

Kambi ilikuwa kando ya ghuba ya Mission Bay, mahema ya rangi ya waridi yamepangwa kwa mistari, kila hema watu wawili. Maji ya moto ya kuoga yaliletwa ndani ya magari makubwa. Chakula kilikuwa tele. Ila jambo lililotushangaza ni maneno ya mezani. Wanawake walisimulia habari za matiti yao mbele ya waume na wana wao, wali na kuku vikiwa mdomoni, kama vile sisi tunavyosimulia habari za mvua. Mmoja, asiye na unywele kichwani kwa ajili ya dawa, alikuwa akitembea kila siku hata saa sita, kisha anapanda gari. Alituambia kwamba alipoona uvimbe Jumanne jioni, Jumatano asubuhi watoto wake wawili wa shule walijua. Tulimwuliza kama hawakuogopa. «Waliogopa,» alisema, «lakini tuliogopa pamoja.» Usiku ule hatukulala upesi.

Kuna pia hema la kuwakumbuka waliokufa. Mtu huingia kimya, akaandika jina, akatoka. Tuliingia wote watatu.

Jumapili, mwisho wa safari, waliopona au wanaoendelea kutibiwa huingia uwanjani nyuma ya wote. Wengine huvua kiatu kimoja na kukiinua juu kwa kuwaheshimu. Maelfu ya viatu vichafu viliinuliwa angani, na kelele zote zikakoma. Kijana wetu, miguu imefungwa bandeji, alikuwa ametembea kilometa 6 za mwisho kwa ndara. Aliinua ndara yake. Kichwani alikuwa na kofia ya rangi ya waridi.

Turudi kwa lile neno lililotuchoma. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya fedha zetu ilibaki Marekani. Nyingine huenda katika uchunguzi wa dawa, na dawa ikigunduliwa yaweza kumfaa mwanamke wa nchi yoyote, kama nchi yake ina fedha za kuinunua. Na hilo «kama» ni zito sana. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 walipatikana na kansa ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwayo. Katika nchi tajiri zaidi ya wagonjwa 90 katika 100 huwa hai miaka mitano baada ya ugonjwa kujulikana. Katika Afrika ya Kusini, ambayo si nchi maskini kama yetu, ni kama 40 tu. Damu zetu hazina kosa. Wagonjwa wetu hufika wakiwa wamechelewa, na wanapofika dawa au mashine hazipo, au bei yake yawashinda. Dola zetu 6,900 hazikuondoa jambo hilo hata kidogo, wala hatutaki kumdanganya mtu. Lakini kuchelewa kwa mama mdogo hakukuwa jambo la fedha. Nauli ya kwenda hospitali alikuwa nayo.

Basi kila mama na kila binti mkubwa ajue mambo haya, na wanaume pia, maana hata wao huupata ugonjwa huu, ingawa mara chache. Uvimbe mpya katika titi au kwapani, hata usipouma; ngozi inayovutika au kuwa kama ganda la chungwa; chuchu inayoingia ndani ilhali zamani haikuwa hivyo, au inayotoa damu: mambo hayo yaonyeshwe kwa mganga wa hospitali bila kungoja. Vimbe nyingi za matiti si kansa, lakini mganga ndiye wa kusema hivyo, siyo jirani. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hautoki kwa mchawi.

Jumapili ile usiku, saa tatu, tukiwa tumelowesha miguu katika maji ya chumvi, simu ililia. Huko Bukavu ilikuwa Jumatatu, saa moja asubuhi. Alikuwa binti mkubwa wa mama mdogo, mwenye watoto watatu. Alikuwa ameona picha tulizomtumia, jina la mama yake migongoni mwetu. Alisalimia, akauliza habari za miguu, akauliza habari za chakula. Kisha akasema, «Ule uvimbe wa mama, hapo mwanzo, ulikuwa ukimwuma?»

Tukamwambia kwamba haukumwuma.

Alinyamaza kitambo, tukasikia jogoo wa jirani yake akiwika. Akasema, «Basi nitakwenda leo.» Tukamwuliza kama amemwambia mumewe. Akajibu kwamba bado. Tukamwambia amwambie sasa hivi, nasi tukiwa tunasikia. Akamwita.

Mumewe ndiye aliyempeleka, kwa pikipiki. Mganga alipima, akaingiza sindano, akatoa maji katika uvimbe, akasema kwamba si kansa, lakini arudi baada ya miezi sita aangaliwe tena. Alirudi, na mara hiyo alifuatana na wadogo zake wawili.