Kwa nini munganga aliacha kidonda wazi

Ilibaki kidogo tu tumtoe mama mukubwa hospitalini. Munganga alimkata vidole viwili vya mguu, kisha akaacha kidonda wazi. Familia ikakasirika: «Munganga gani anakata halafu hashone?»

Mama mukubwa anauza unga sokoni hapa Kolwezi, na yuko na ugonjwa wa sukari tangu miaka mingi. Kilato kipya kilimchubua chini ya kidole kikubwa. Tulipomwuliza, akajibu: «Hainilume hata kidogo. Ile ni kidonda ya bure tu.» Dispanseri moja ikakishona juu juu. Siku ya nne: homa, mguu umevimba, harufu. Ndipo tukakimbia hospitali.

Mimi ni mtu wa agronomia, si munganga. Lakini niliuliza sana, nikasoma, na leo naandika ili familia nyingine isifanye kosa tulilotaka kufanya.

Kwa nini hakusikia maumivu? Sukari nyingi katika damu, miaka kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu. Mguu unanyamaza. Munganga Paul Brand, aliyefika Vellore, India, mwaka 1946, aliona jambo hilo kwa wagonjwa wa ukoma: vidole havikuanguka vyenyewe, vilipotea kwa sababu mtu asiyesikia maumivu anaendelea kukanyaga kidonda. Tena sukari inaziba mishipa ya damu. Ni kama mufereji uliojaa matope: unaweka mbolea, lakini maji hayafiki shambani. Dawa pia haifiki.

Kisu kinafanya nini? Kinatoa kila kilichokufa: nyama nyeusi, usaha, mfupa uliooza, mpaka ifikiwe nyama hai inayotoka damu. Munganga anaweza kuingiza kijiti cha chuma kisafi ndani ya kidonda. Kikigonga kitu kigumu, anashuku kwamba mfupa umeshikwa. Usaha ukiwa ndani kabisa ya mguu, haungojei wiki ijayo, mgonjwa anaingia operasyo haraka. Munganga anapima pia kama damu inafika, kwa kugusa mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Damu isipofika, kidonda hakitapona hata kikisafishwa namna gani; inabidi mishipa ya damu ifunguliwe, pale inapowezekana. Na mguu ukishakufa wote, kuukata ndiko kuokoa maisha.

Sasa, kwa nini asishone? Sisi wa shamba tunajua jibu. Ukifunga mahindi yenye maji ndani ya mufuko, nje utaona mufuko mzuri, ndani yanapata moto na kuoza. Kushona juu ya uchafu ni vilevile: vijidudu vinabaki ndani, vinapanda kufuata mishipi ya misuli. Kwa hiyo kidonda kinaachwa wazi, kinasafishwa, kinafungwa bandeji, kinaangaliwa tena, na mara nyingine kisu kinarudi.

Nyama ikiwa nyekundu na safi, ndipo kufunga kunakuja. Kidonda kidogo kinaachwa kijijaze chenyewe. Kingine kinashonwa wakati huo. Kikubwa kinapandikizwa ngozi nyembamba iliyotolewa kwenye paja. Wenye kupandikiza maembe wanaelewa: tawi halishiki juu ya shina lililokufa. Ngozi nayo haishiki juu ya mfupa mtupu. Hapo munganga anasogeza nyama yenye mshipa wake wa damu. Muda huo wote sukari inashushwa, mara nyingi kwa insulini, na mguu haukanyagi. Plasta maalumu au kilato maalumu kinaondoa uzito juu ya kidonda. Bila hiyo, kila hatua inafungua tena kazi ya munganga.

Mama mukubwa alipandikizwa ngozi baada ya wiki sita. Leo anatembea.

Lakini kufunga si mwisho. Kati ya watu 100 waliopona, karibu 40 wanapata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja. Jirani zetu Tanzania walielewa kwamba vita inaanza kabla ya kisu: munganga Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliwafundisha baganga na wauguzi wa sehemu mbalimbali za nchi kuangalia miguu ya wagonjwa wa sukari, kutibu vidonda vikiwa bado vidogo, na kuwafundisha wagonjwa wenyewe.

Hiyo hata sisi tunaweza, bila mashine. Uko na mzazi mwenye sukari? Leo jioni mwambie: «Mama, leta mguu nione.» Angalia chini na katikati ya vidole. Tia mkono ndani ya kilato, utafute jiwe au msumari. Asitembee peku, asiweke miguu karibu na mbabula wala kwenye maji ya moto. Ukikuta kidonda, hata kisicholuma, hasa kisicholuma, kesho asubuhi mpeleke hospitali.

Na munganga akikiacha wazi, muulizeni sababu kabla ya kumtoa mgonjwa wenu.