Kiti cha Jukwaani: Kweli au Si Kweli?

Anzisha kikundi cha maigizo Naipingo, au popote kati ya Nachingwea na Ruangwa, na washauri hutawakosa. Likifika suala la viti na meza za jukwaani, kila mtu ni fundi. Haya bila shaka umeshayasikia. Tuyapime.

“Samani za jukwaani ni mapambo tu.”
Si kweli. Katika *Nguzo Mama* ya Penina Muhando (1982), wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo. Iondoe, na mchezo umekwisha. Paris, mwaka 1952, tamthilia ya Eugène Ionesco ilijaza jukwaa viti vitupu: wageni hawaonekani, viti ndivyo umati.

“Kiti cha mfalme lazima kiwe cha mpingo.”
Si kweli. Mita moja ya ujazo ya mpingo hufikia kilo 1,200 na zaidi, wakati maji ni kilo 1,000. Ndiyo maana mpingo huzama. Sasa kibebe kiti hicho gizani, mbio mbio, onyesho likibadilika! Tena mti wenyewe huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Unda fremu ya mbao nyepesi, funika kwa plaiwudi, paka rangi nyeusi isiyong’aa. Aliyekaa nyuma hatajua.

“Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi.”
Kweli. Miguu mitatu hugusa ardhi yote kwa pamoja hata penye mabonde. Wa nne ndio huning’inia. Wazee walilijua hilo tangu kwenye mafiga. Kwa mchezo wa uwanjani, hicho ndicho kiti chako. Ila mwigizaji asikipande: uzito ukitoka nje ya pembetatu ya miguu, kinapinduka.

“Anayekaa juu ndiye mkubwa.”
Kweli kabisa. Kitazame kiti cha enzi cha Lamu na Zanzibar: mgongo mrefu ulionyooka, mahali pa kuwekea miguu, nakshi za pembe. Hakikuruhusu kujilaza, kinakukalisha kitawala. Basi mwinue tajiri, mdaiwa wake mpe kigoda kifupi, na watazamaji wataelewa kabla hajasema mtu. Mambo yakigeuka, wabadilishane viti.

“Kiti chochote cha nyumbani kinatosha.”
Nusu kweli. Kwa mazoezi, au kwa mchezo wa sebuleni, kiti cha plastiki kinatosha. Lakini nakshi ndogo hazionekani kwa mbali. Kinachosomeka ni umbo. Refusha mgongo, panua mikono, upindishe mguu mmoja upande ikiwa utawala unayumba. Chini ya kikalio weka mbao za kukaza, na ufunge kwa skrubu, maana misumari hulegea kwa kutikiswa kila siku.

Kwa hiyo, kabla hujamwendea seremala, jibu maswali matatu: kiti hiki kinasema nini, nani atakibeba, na nani atakipanda? Ukishayajibu, ndipo utoe vipimo.